Drive C imewaka nyekundu: kufuta temp bila kupoteza kazi ya mtu

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za kazi. Niko Morogoro, nina laptop HP ya nyumbani, Windows 10, RAM 8GB, SSD ya 128GB. Drive C imewaka nyekundu, zimebaki GB 2 tu na kila ikitaka kuapdeti inagoma. Fundi wa mtaani kanielekeza niandike %temp% halafu nichague kila kitu nifute, rafiki yangu mwingine anasema nishushe programu ya kusafisha. Naogopa kwa sababu mke wangu ni mwalimu na mitihani yake yote anaandalia humo humo. Je nikifuta hizo temp Windows inaweza kufa? Na nianzie wapi?"

Salama ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujafuta. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi, Windows haifi kwa kufuta vilivyomo ndani ya %temp%, hapo fundi wako hajakudanganya. Ile folda ni ya vitu vya kupita tu, programu ikiwa inafanya kazi inaweka humo vipande vyake, ikimaliza inatakiwa ivifute, nyingi hazifuti, basi vinarundikana miaka na miaka. Ila kuna nusu ya pili ambayo fundi hajakwambia na ndo inayoliza watu: humo humo kwenye temp panaweza kuwa na kazi ya mtu ambayo haipo sehemu nyingine yoyote. Ni kama maranda chini ya meza ya seremala, unafagia tu hamna shida, lakini kwanza unaangalia kama bawaba za mteja hazijadondokea humo. Kwa nyumba yenye mwalimu mi ningehofia hilo kuliko Windows, maana Windows inainstoliwa upya jioni moja ikaisha, mtihani aliokaa nao wiki nzima hauinstoliwi.

Sasa kazi inafikaje huko temp wakati mtu anaona kabisa amesevu? Chukua mfano wa mwalimu mwenzake anamtumia zip, yani faili moja lililofungia mafaili mengi, yenye mitihani ya mwaka jana, shemeji anaifungua kwa WinRAR, programu ya kufungulia zip, halafu anabonyeza faili la Word mara mbili humo humo kwenye dirisha la WinRAR bila kulitoa nje kwanza. Hapo WinRAR inatengeneza kopi na kuiweka ndani ya Temp, kwenye folda yenye jina linaloanza na Rar$, na hiyo kopi ndo anayoiandikia. Akibonyeza Save, inasevu huko huko. Akishafunga Word ndo WinRAR inamuuliza kama irudishe mabadiliko kwenye ile zip, sasa umeme ukikatika na betri imechoka kabla hajaulizwa, kilichobaki duniani ni ile kopi ya Temp peke yake. 7-Zip nayo ndo hivyo hivyo, folda zake zinaanza na 7zO, na ukifungua zip kwa Windows yenyewe utakuta folda za aina ya Temp1 zikifuatiwa na jina la zip. Atachimenti zinazofunguliwa moja kwa moja kutoka Outlook nazo zinakaa kwenye folda nyingine ya muda iliyofichwa ndani ndani, nje ya hiyo Temp, na kwenye brauza ya Edge mtu akichagua Open badala ya Save as faili linaenda kukaa Temp. Kwa hiyo mwambie shemeji, kwa upole tu, faili lolote la kufanyia kazi kwanza anaitoa zip yote, anaweka Documents, ndo anafungua. Hilo peke yake litawaokoa kuliko usafi wowote.

Haya, kazi yenyewe. Kaeni wote wawili siku ambayo hamna haraka, laptop iwe kwenye chaji, seveni kila kitu na kufunga programu zote, halafu ristati. Nasema ristati, sio kuzima na kuwasha, kwa sababu Windows 10 ukibonyeza Shut down mara nyingi haizimi kabisa, kuna kitu kinaitwa Fast Startup kinahifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka, wakati Restart inaanza upya kweli. Na tunaristati kwa sababu zipo programu zikiinstoliwa au kuapdetiwa zinaacha vipande Temp zikisubiri mashine iwashwe upya ndo zimalizie, ukifuta kabla ya hapo unaweza kuikatisha kazi katikati. Hapo ndo hatari kidogo iliyopo kwa programu, na kuristati kunaimaliza.

Ikishawaka usifungue chochote. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, Enter. Itafunguka folda ambayo kikamilifu iko ndani ya Users, jina lako, AppData, Local, Temp. Usishtuke ukikuta maelfu ya vitu vyenye majina ya ajabu. Kabla ya kufuta nenda kwenye kisanduku cha kutafutia pale juu kulia, andika *.docx uone kinachotoka, ukimaliza *.doc, *.xlsx, *.pptx, *.pdf, na *.jpg kama mna mazoea ya kufungua picha za kuskani. Shemeji apitie mwenyewe, yeye ndo anajua mtihani wake. Chochote mnachokitambua au mnachokitilia shaka kopini mpeleke Documents, halafu kifungueni huko muone kama kinasomeka kweli, msiridhike na jina tu. Ukikuta faili linaanza na alama ~$ hilo sio hati, ni alama ya Word kwamba hati fulani ilikuwa wazi, halina maandishi yenu ndani.

Mkishajiridhisha, Ctrl na A, kisha Delete ya kawaida. Vipo vitakavyokataa, itasema vinatumika na programu nyingine, hapo weka tiki ile ya kufanya hivyo kwa vyote halafu Skip. Viache. Wala usishushe programu za kulazimisha kufuta, kama Windows inakwambia kitu kinatumika basi kinatumika kweli, na vyenyewe ni vidogo. Alafu usitumie Shift na Delete hata kama kuna mtu amekwambia ni haraka zaidi. Delete ya kawaida inapeleka vitu Recycle Bin, nafasi haitarudi mpaka umwage Bin, ni kweli, lakini unapata siku mbili tatu za kutumia mashine na kuona kama kuna kilichopotea. Na kwenye SSD hili lina uzito kuliko kwenye diski za zamani: ukishafuta moja kwa moja Windows inaiambia SSD kwamba vile vipande havina kazi tena, kitendo kinaitwa TRIM, na SSD inavifuta yenyewe chini kwa chini. Zile programu za kurudisha mafaili ambazo mafundi wanazo, zilizokuwa zinafanya maajabu kwenye diski za kuzunguka, kwenye SSD mara nyingi zinarudi mikono mitupu.

Hapo unaweza kupata nafasi kubwa au ndogo, inategemea, ila kwa drive ya 128GB iliyobaki na GB 2 sitegemei %temp% iwe ndo mkosaji mkuu. Hatua ya pili ndo yenye nyama. Fungua Settings, System, Storage, subiri imalize kuhesabu, bonyeza Temporary files. Utaona orodha yenye visanduku na ukubwa wa kila kitu, na hapa tahadhari kubwa, vinavyofutwa kwa njia hii haviendi Recycle Bin, vinaondoka. Kwa hiyo ondoa tiki zote kwanza, halafu weka moja moja kwa akili zako.

Windows Update Cleanup weka, hayo ni mabaki ya maapdeti ya zamani na mara nyingi ndo kubwa kuliko zote. Delivery Optimization Files weka, nayo ni mabaki ya kushusha maapdeti. Thumbnails, taarifa za makosa, DirectX Shader Cache, Temporary Internet Files, weka zote, zinajitengeneza upya zikihitajika. Temporary files weka, maana mmeshakagua. Downloads usiweke kabisa! Ipo kwenye orodha hiyo hiyo na watu wanaitiki wakidhani ni mabaki ya kudaunlodi, kumbe ni ile folda yenu yenye barua, vyeti vilivyoskaniwa, fomu, kila kitu alichotumiwa mtu akakiacha pale. Hiyo mtaipitia kwa mkono siku nyingine. Recycle Bin nayo iacheni kwanza kwa sababu niliyoeleza.

Kuna moja inaitwa Previous Windows installation, hii isome vizuri kabla hujaigusa. Ikiwa ipo inaweza kuwa na GB 10 au 20, inavutia kweli kweli. Hiyo ni folda ya Windows.old, yani Windows iliyokuwepo kabla ya hii. Ukiwa umeapgredi kawaida Windows inaitunza siku 10 ili ukitaka kurudi nyuma urudi, kisha inaifuta yenyewe. Lakini fundi akikuinstolia Windows mpya bila kufomati, nyaraka zenu za zamani zinaingizwa humo ndani na kwenye Documents mpya hamna kitu, na mafundi wengi wa mtaani wanafanya hivyo bila kumwambia mteja. Ingia C, Windows.old, Users, ufungue jina lako, uangalie Documents, Desktop na Pictures. Kama kuna kazi zenu zitoeni kwanza. Zikishatoka, futa bila huruma.

Ukibonyeza Remove files, acha ifanye. Kwa Windows Update Cleanup usishangae ukiristati ikakuonyesha asilimia zinapanda taratibu, inamalizia kazi, usibonyeze kitufe cha kuzima hata kama imekaa muda mrefu, ndo maana nikasema chaja iwepo.

Sasa vitu ambavyo hutakiwi kuvigusa kwa mkono, na nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu video za kusafisha kompyuta zimejaa ushauri huu. WinSxS iliyo ndani ya folda ya Windows, utaikuta inaonyesha GB nyingi na utatamani. Usiiguse. Ukubwa unaouona ni wa kupotosha, mafaili mengi yaliyomo ni yale yale yanayotumika sehemu nyingine za Windows, yanahesabiwa mara mbili, na ukiyafuta hapo ndo Windows inaweza kufa kweli. Hiyo inapunguzwa na Windows Update Cleanup uliyokwisha kuiweka tiki, basi. Folda ya Installer iliyo humo humo, ukiifuta leo hutaona tatizo, utaliona siku unataka kuapdeti au kuondoa Office inakataa. Prefetch haina maana kuifuta, ni ndogo, Windows inaisimamia yenyewe na inaisaidia kufungua programu haraka, ukiifuta unaipa kazi ya kuanza upya. Na pagefile.sys, faili ambalo Windows inalitumia kusaidia RAM ikijaa, iache, kwa RAM ya 8GB unaihitaji.

Pia usije ukatafuta *.tmp kwenye drive nzima ukafuta zote. Word na Excel wakati wa kusevu zinaandika kwanza faili la muda pembeni ya hati yenyewe, kisha zinalibadilisha jina, sasa kama mashine ilizimika katikati ya kusevu lile faili la ajabu lililobaki ndani ya folda ya Documents linaweza kuwa ndo kopi nzima pekee. Na usipanue usafi ukafika AppData yote kwa kuwa Temp iko humo, kwani mafaili ambayo Word inayaokoa yenyewe umeme ukikatika yako kwenye folda nyingine za AppData hiyo hiyo. Shemeji akiwahi kupoteza kazi ambayo hakuisevu aende Word, File, Info, Manage Document, halafu Recover Unsaved Documents, na afanye hivyo kabla ya usafi wowote.

Kuna GB 3 na kitu nyingine ambazo watu watakwambia uzichukue, faili la hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida linakaa kama asilimia 40 ya RAM. Linaondolewa kwa kufungua Command Prompt kama administreta na kuandika powercfg /h off. Ni salama kwa maana kwamba Windows haiharibiki, ila mi kwako nasita. Hiyo ndo inayoiwezesha laptop betri ikikaribia kuisha ihifadhi kila kilicho wazi kisha izime, ukiiwasha unakuta mtihani uko pale pale ulipoachia. Kwa mwalimu anayechapa usiku na umeme wa kukatika katika, hizo GB 3 nisingezichukua mpaka nimekosa kwingine kote.

Brauza sasa. Chrome ukishika Ctrl, Shift na Delete inaleta kisanduku cha kufuta, chagua muda wote, weka tiki kwenye picha na mafaili ya kashe peke yake. Ukiweka cookies utatolewa kwenye akaunti nyingi, na kama kuna mtu hakumbuki paswedi yake ya barua pepe jioni hiyo mtalala na ugomvi. Paswedi zilizohifadhiwa usiziguse kabisa, ukiwa umeingia na akaunti ya Google na sinki (sync, ile ya kuunganisha vifaa vyako) iko wazi zitafutika mpaka kwenye simu. Na hii ya kashe ifanyeni mara moja moja tu, msiifanye kila wiki, maana kashe ndo inayowapunguzia bando, picha na vipande vya kurasa mnazozitembelea kila siku viko tayari kwenye mashine, ukivifuta vyote vinashushwa upya kwa MB zenu. Yani unapata nafasi leo, kesho inajaa tena na bando limeenda.

Kuhusu programu ya kusafisha aliyokushauri rafiki yako, jibu langu ni usishushe. Windows 10 ina kila unachohitaji ndani yake. CCleaner yenyewe, ambayo ndo maarufu kuliko zote, mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wakapandikiza programu hasidi ndani ya toleo la 5.33, na watu zaidi ya milioni 2 waliishusha kutoka sehemu halali kabisa kabla haijagundulika mwezi wa 9 mwaka huo. Kama hilo lilitokea kwa kubwa na halali, fikiria hizi zilizokrakiwa zinazozunguka kwenye fleshi. Nyingi zina na sehemu ya kusafisha rejista (registry, pale Windows inapotunza mipangilio yake), zinakwambia zimekuta makosa 800 ili uogope, na Microsoft wenyewe wamesema wazi hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Nafasi unayopata pale hata MB chache hazifiki, hasara yake ni Windows kugoma kuwaka.

Na niwe mkweli kwenye jambo moja, kufuta temp kunakupa nafasi, kasi sio sana. Laptop yako itaonekana kupumua kwa kuwa ilikuwa imebaki na GB 2, hapo Windows na SSD zote zilikuwa zinabanwa, na maapdeti yanakataa kwa sababu hayana pa kujifungulia. Lakini ukishakuwa na nafasi ya kutosha, kufuta temp kila siku hakuongezi chochote. Jitahidi ibaki na asilimia 15 hivi wazi, kwako ni kama GB 18 mpaka 20.

Kwa hiyo baada ya yote haya rudi kwenye ukurasa ule ule wa Storage uangalie nani anakula nafasi. Kwa nyumba nyingi jibu linakuwa video, za harusi, za WhatsApp, Telegram ambayo inajirundikia folda yake ndani ya Downloads, au bakapu ya iPhone iliyowahi kufanywa mara moja ikasahaulika. Kama kuna mtu anaedit video humo, Premiere ina kashe yake kubwa sana ambayo %temp% haiigusi, inafutwa kwenye settingi zake yenyewe sehemu ya Media Cache. Ukitaka kuona kwa picha WinDirStat ni ya bure na inakuonyesha drive nzima kwa vipande vya rangi, itumie kutazama tu, usifutie humo. Video zihamishieni kwenye diski ya nje, na zile ambazo mtalia zikipotea ziwe na kopi sehemu mbili kabla hamjazifuta kwenye laptop, fleshi moja haitoshi.

Mwisho washa Storage Sense kwenye ukurasa huo huo, iruhusu ifute mafaili ya muda, ipange iwe kila mwezi, Recycle Bin iwe siku 30, na pale penye Downloads hakikisha pameandikwa Never. Ukimaliza niandikie drive imebaki GB ngapi, na kama bado iko chini ya zile GB 18 nitumie picha ya ukurasa wa Storage na ya ndani ya Users tuangalie pamoja.